Chkdsk imegoma: namna ya kuokoa diski inayokufa kabla hujaimalizia mwenyewe

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa kule Mbozi aliingia kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, saa tatu asubuhi. Alikuwa amebeba mfuko wa salfeti wenye laptopu, chaja na madaftari mawili makubwa yenye jalada gumu. Alikuwa amepanda Coaster ya kwanza kutoka Mlowo.

"Shikamoo fundi. Nimeiripea usiku kucha, imegoma."

"Marahaba dada. Umeiripea na nini?"

Na chkdsk, zana ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, mara tatu. Mara ya kwanza ilimaliza ikasema imerekebisha, lakini mafaili yakabaki hayafunguki. Mara ya pili ilimaliza pia, ikaacha folda ngeni iitwayo found.000. Mara ya tatu ilikwama kwenye asilimia 27 tangu saa sita usiku. Alfajiri akachoka, akabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka taa ikafa. Humo ndani kulikuwa na majina ya wanachama wote, kilo walizopeleka na madai yao ya malipo ya pili. Nilipomuuliza kama kuna nakala sehemu nyingine, alitazama mfuko.

Sikumcheka. Mwaka 2014 mpiga picha wa harusi wa Iringa aliniachia diski ya nje ya 1 TB. Nikaiwashia chkdsk /r jioni, nikaenda kulala kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Asubuhi ilikuwa inagonga tak, tak, tak. Harusi kumi na mbili zilikuwa humo. Mpaka leo nikimwona mpiga picha huyo mtaani Miyomboni navuka barabara. Haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia jioni ile.

Chkdsk hurekebisha daftari, haigusi rafu

Fikiria ghala la kahawa. Kuna magunia, na kuna daftari la mpokea mizigo linalosema gunia la fulani liko mstari wa tatu, la nne kutoka ukutani. Windows nayo ina daftari lake ndani ya diski, na daftari hilo ndilo tunaloliita mfumo wa faili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari na ghala vinapishana. Chkdsk hupita ikilinganisha, inafuta mistari isiyo na magunia, na magunia yasiyo na mstari inayarundika pembeni. Rundo hilo ndilo found.000.

Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Lakini kama paa linavuja na magunia yanaoza, kuandika daftari upya hakuzibi paa. Ubaya zaidi ni kwamba chkdsk /r huwatuma vibarua wageuze kila gunia ghalani, moja moja, na wakikuta lililooza wanalirudia mara nyingi. Diski inayokufa ikilazimishwa kusoma hivyo kutwa nzima inakufa haraka zaidi. Na wakati huohuo chkdsk inaandika. Inaweza kufuta mstari wa daftari kwa sababu tu gunia halikusomeka leo, wakati kesho lingesomeka.

Kwa hiyo zana ya kurekebisha ikishindwa mara moja, usiirudie. Kinachofuata ni kunakili kila kinachosomeka, na marekebisho yote utayafanya kwenye nakala. Vyombo vingine vya Windows kama sfc na DISM havihusiki kabisa hapa. Hivyo hutengeneza mafaili ya Windows yenyewe, na ukiviendesha juu ya diski mbovu unaiongezea kazi tu.

Zima, kisha sikiliza

Zima mashine. Kama Windows ndiyo imeng'ang'ania kukagua diski kila ikiwaka, wahi kubonyeza kitufe chochote ndani ya zile sekunde chache inazokupa kusitisha ukaguzi.

Kisha washa tena mara moja tu, sikio likiwa karibu. Diski nzima huzunguka kwa mvumo laini, na vichwa vya kusomea vinatoa mkwaruzo mdogo usio na mpangilio. Mlio wa kugonga unaojirudia, tak, tak, kimya, tak, tak, maana yake vichwa havijui viko wapi. Mlio mwembamba kama wa mbu, bila mzunguko, mara nyingi ni mota au vichwa vilivyoganda juu ya sahani zinazobeba data. Ukisikia chochote kati ya hivyo, au diski inaonekana na ukubwa wa 0, zima na uruke hadi sehemu ya diski inayogonga. Hatua za katikati si zako.

Makosa yenyewe yanasema nini

Ujumbe kwamba mfumo wa faili ni RAW na chkdsk haiwezi kufanya kazi, maana yake Windows haikuona ukurasa wa kwanza wa daftari. Huenda umefutika, huenda uko palepale ila sekta yake (kipande kidogo cha diski kinachoshika data) haisomeki. Ujumbe huo peke yake hauwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kuna kosa lingine linalowatisha watu, lenye mlolongo wa tarakimu 766f6c756d652e63. Nimeona watu wakiutafuta mtandaoni kama namba ya ugonjwa. Ukizigeuza tarakimu hizo kuwa herufi unapata volume.c, ambalo ni jina tu la faili la msimbo ambamo chkdsk ilikwama. Halisemi lolote kuhusu diski yako.

Kinachosema kweli ni kumbukumbu za matukio. Kama Windows bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za System, kisha tafuta mistari ya chanzo kiitwacho disk au Ntfs. Tukio namba 7 ni sekta mbovu. Namba 153 maana yake ombi la kusoma au kuandika lilirudiwa kwa kuwa halikujibiwa kwa wakati. Namba 55 ni mfumo wa faili uliovurugika. Ukiona 55 pekee, kuna matumaini kwamba ni daftari tu. Ukiona 7 na 153 zimepangana kama siafu, paa linavuja.

Kebo na umeme kabla ya kulaumu diski

Hapa sitakaa sana, ila usiparuke. Kwa kompyuta ya mezani, badilisha kebo ya SATA (ile inayounganisha diski na bodi) na uhamie tundu lingine kwenye bodi. Kwa diski ya nje, badilisha kebo ya USB, acha kutumia kigawanyio, na uchomeke kwenye tundu la nyuma la kompyuta. Diski ndogo za inchi 2.5 hutumia volti 5 kutoka USB. Zile kubwa za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 kutoka adapta yao, na adapta iliyochoka huifanya diski izunguke, ishindwe, izunguke tena, mpaka ukaapa kwamba imekufa. Nimewahi kumrudishia mzee mmoja wa Uyole diski yake "iliyokufa" kwa kubadilisha adapta tu, akadhani nimemfanyia kiinimacho.

Ukitaka kuitoa diski kwenye kasha lake la nje, angalia kwanza. Baadhi ya diski ndogo za nje zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi yenyewe, hakuna SATA ndani. Nyingine husimba data kupitia saketi ya kasha, ukiitoa unasoma takataka.

Soma afya ya diski

Kila diski hujiwekea kumbukumbu zake zinazoitwa SMART. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, ni ya bure na haiandiki chochote kwenye diski. Bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Lakini usiishie kwenye rangi. Na usiamini neno PASSED la programu nyingine, maana hilo husema tu kwamba diski haijavuka kiwango alichojiwekea mtengenezaji, na nimezika diski nyingi zilizokuwa na PASSED.

Nenda kwenye mistari minne. Msimbo 05 ni idadi ya sekta ambazo diski imezikatia tamaa na kuzihamishia kwenye akiba yake. C5 ni sekta zinazosubiri: diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua. C6 ni zile ambazo ukaguzi umethibitisha hazisomeki. C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na bodi, yaani kebo. Programu huonyesha thamani hizi kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) mpaka uibadilishe kwenye menyu, kwa hiyo 10 unayoiona huenda ni 16.

Diski ya Mbozi ilikuwa na 05 sifuri, C7 sifuri, na C5 iliandikwa 138, ambayo kwa desimali ni 312. Nikamuuliza yule dada kuhusu umeme.

"Unakatika fundi, na betri ya laptopu ilishakufa tangu mwaka juzi."

Hilo lilinipa moyo kidogo. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika sekta, sekta hiyo inaweza kubaki nusu nusu, haisomeki, ingawa sahani yenyewe haina jeraha. Siku ikiandikwa upya inapona na C5 inashuka bila 05 kupanda. Ila ukiwa nje huwezi kutofautisha sekta ya aina hiyo na jeraha la kweli, kwa hiyo unaitendea kama jeraha.

Namna ninavyoamua: mistari yote minne ikiwa sifuri na diski inasema RAW, tatizo ni daftari. C7 ikipanda peke yake, rudi kwenye kebo. C5 au C6 ikiwa na namba yoyote, diski hiyo isifanye kazi nyingine maishani zaidi ya kunakiliwa. Na katika hali zote tatu ninanakili kwanza, hata ile ya RAW, kwa sababu mkono ukikosea kwenye nakala unaweza kurudia.

Kunakili diski nzima

Usiingie Windows ukaanza kuburuta mafolda. Windows ikikuta sekta mbovu inakwama hapohapo, inarudia, inagoma, na wakati wote huo inaandika mambo yake pembeni. Unahitaji programu iitwayo ddrescue. Hii husoma kwanza sehemu zote rahisi, inaruka penye shida, kisha inarudi kwenye shida mwishoni. Na inaweka ramani ya ilipofika. Kwa sisi tunaokatikiwa umeme, ramani hiyo ni dhahabu: umeme ukirudi unaendelea ulipoachia.

Mahitaji ni flashi moja ya 2 GB au zaidi, na diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu. Diski ya 500 GB haitoshi kupokea picha (nakala kamili ndani ya faili moja) ya diski ya 500 GB, chukua 1 TB. Iwe na mfumo wa NTFS. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, na utaligundua hilo baada ya dakika mbili za furaha.

Pakua SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ninaipendelea kuliko Ubuntu kwa sababu zana zote zimo tayari bila intaneti, na haiigusi diski mpaka uiambie. Acha diski mbovu ndani ya laptopu yake kama inawezekana, maana adapta nyingi za USB huganda zikikutana na sekta mbaya. Washa laptopu ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, uchague flashi. Ikikataa, ingia kwenye mipangilio ya baiosi uzime Secure Boot. Lakini kabla ya hapo hakikisha kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data. Laptopu nyingi mpya huja nayo bila mwenyewe kujua, na usipokuwa na ufunguo wa tarakimu 48, picha utakayoinakili itakuwa sanduku lisilofunguka. Ufunguo huo mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha laptopu mara ya kwanza. Ni kazi kumsaka mtu huyo kama alihamia Songea miaka minne iliyopita, lakini msake.

Ukishaingia, tambua diski zako:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Andika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Soma namba ya kiwandani iliyo kwenye lebo ya diski, ilinganishe na ya kwenye skrini. Tuseme diski mbovu ni sda na ya kupokelea ni sdc. Fungua ya kupokelea:

mkdir /mnt/nakala
ntfs-3g /dev/sdc1 /mnt/nakala

Kisha raundi ya kwanza, ile ya kuchuma yaliyoiva:

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Diski inayosomwa hutajwa kwanza, pa kuandika panafuata. Soma mstari huo mara tatu kabla ya kubonyeza Enter. Fundi mwenzangu alipindua mpangilio huo akiwa na diski mbili, akamwaga utupu juu ya data ya mteja, na hakuna programu duniani inayorudisha kilichoandikiwa juu. Ramani nayo iwe kwenye diski ya kupokelea kama ilivyo hapo juu. Ukiiacha kwenye folda ya nyumbani ya SystemRescue inakaa kwenye RAM, na umeme ukienda nayo inaenda.

Kuhusu muda: diski yenye afya ya 500 GB iliyo ndani ya mashine, ikinakiliwa kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, huchukua kama saa moja na nusu. Kupitia USB ya zamani ya 2.0 hesabu saa nne na zaidi. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku mbili. Weka mashine kwenye UPS kama unayo, elekeza feni kwenye diski, na usiiguse meza. Ukitaka kupumzika bonyeza Ctrl na C, haiharibu kitu. Ukitoa amri ileile tena inaendelea. Diski ikitoweka katikati, zima kila kitu, iache ipoe nusu saa, washa, endelea.

Raundi ya kwanza ikiisha, toa ya pili:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Hii hurudi kwenye vipande vilivyoshindikana na kuvijaribu mara tatu. Wakati mwingine naongeza -R ili isome kutoka nyuma kwenda mbele, na vipande vilivyogoma upande mmoja hukubali upande mwingine. Sijui mtu anayefurahia raundi hii, unakaa unatazama namba ndogo ikisita. Ya Mbozi ilianza na vipande vibovu vya jumla ya kama KB 160. Kufikia jioni ya pili zilibaki KB 41. Nikaacha. Kuna wanaoacha -r100 kwa wiki nzima, na mimi nadhani wanamchosha punda aliyekwisha kutua mzigo.

Kutoa mafaili kwenye nakala

Sasa ondoa diski mbovu, ifunge kwenye kitambaa, iweke kabatini. Kuanzia hapa unafanya kazi na diski.img, kwa programu ya TestDisk iliyomo kwenye SystemRescue.

testdisk /mnt/nakala/diski.img

Kubali aina ya jedwali inayopendekezwa, chagua Analyse halafu Quick Search. Ikikuonyesha patisheni, simama juu yake ubonyeze P. Ukiona majina ya mafolda yako, umeshinda sehemu kubwa ya vita. Bonyeza herufi a kuchagua yote, kisha C kubwa, na uelekeze mahali pa kuyahifadhi. Sina haja ya kubonyeza Write mahali popote humo ndani, na wewe huna.

Majina yasipoonekana, jaribu Deeper Search. Ikishindikana, kimbilio la mwisho ni PhotoRec, inayokuja pamoja na TestDisk. Hiyo haisomi daftari hata kidogo, inapita ghalani ikinusa magunia: hili ni JPG, hili ni Excel, hili ni PDF. Inatoa mafaili lakini majina na mafolda yanapotea, na utapata mafolda ya recup_dir yenye maelfu ya vitu visivyo na jina. Kwa picha za harusi inavumilika. Kwa hesabu za chama ni adhabu, utafungua faili moja moja. Ndiyo maana TestDisk hutangulia.

Hapa sasa chkdsk ina kazi

Kama unataka Windows na programu zake zirudi kama zilivyokuwa, mimina picha kwenye diski mpya yenye ukubwa sawa au zaidi. Tuseme mpya ni sdd:

ddrescue -f /mnt/nakala/diski.img /dev/sdd /mnt/nakala/mpya.map

Ifunge ndani ya laptopu, iwashe. Usichomeke ya zamani na mpya pamoja kwenye Windows. Zina utambulisho mmoja, Windows itaizima mojawapo na utahangaika bure. Kisha fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uendeshe chkdsk c: /f. Sasa rafu ni nzima, kilichopinda ni daftari tu, na chombo hicho kiliundwa kwa hilo.

Kama kabla ya kunakili mtu alishaendesha /r, kama huyu dada, daftari lina orodha ya sehemu zilizopigwa alama kuwa mbovu, na orodha hiyo imehamia kwenye diski mpya isiyo na ubovu wowote. Endesha chkdsk c: /b mara moja. Itazipima upya na kuzirudisha kazini.

Diski inayogonga, na SSD

Vichwa vya diski huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache. Punje ya vumbi la Mwanjelwa mwezi wa tisa ni mlima mbele yake. Kwa hiyo usiifungue "kuangalia tu". Usiigonge. Na usiiweke kwenye friji. Ushauri huo bado unazunguka, lakini ukiitoa inajaa umande juu ya sahani. Diski inayogonga inahitaji chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kuazima kutoka diski pacha. Huduma hiyo ni ghali, na mtu akikuahidi kukufanyia juu ya meza ya kibanda chake, mshukuru uondoke.

Kama unaisafirisha kwa basi kwenda Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, izungushie sponji nene kila upande, boksi ndani ya boksi. Ikae na kondakta au mapajani mwa mtu, isitupwe kwenye buti la chini pamoja na viazi vya Tukuyu.

SSD, diski ya chipu isiyo na sahani wala vichwa, ni habari nyingine. Haigongi, na mara nyingi haionyi. Inaweza kukataa kuandikwa huku ikiendelea kusomeka, na hapo una bahati, nakili mara moja kwa hatua zilezile za ddrescue. Inaweza pia kutoweka kabisa kwenye baiosi, na hapo hakuna ufundi wa nyumbani. Faili lililofutwa kwenye SSD nalo aghalabu halirudi, kwa sababu amri ya TRIM huiruhusu diski kusafisha nafasi hiyo yenyewe.

Baridi, vumbi na milima

Wateja huniuliza kama ni urefu wa Mbeya unaoua diski. Hapana. Vichwa huelea juu ya hewa, na hewa nyepesi ni tatizo kweli, lakini watengenezaji wengi huandika kikomo cha mita 3,048. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Hata Kitulo, zaidi ya mita 2,600, bado uko ndani.

Baridi ndiyo ya kuangalia. Mwezi wa sita na wa saba kule Njombe na Makete, laptopu iliyosafiri usiku kwenye keria ikiingizwa chumba chenye jiko la mkaa inatoa jasho ndani na nje. Iache saa mbili kabla ya kuiwasha. Na laptopu yenye betri iliyokufa ni sawa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kila umeme ukikatika inakatwa pumzi katikati ya sentensi. Betri mpya ni nafuu kuliko siku tatu zangu.

Diski ya zamani

Baada ya yote nilichukua ile diski ya Mbozi nikaiandika sifuri mwanzo hadi mwisho kwa kuifomati kikamilifu, si ile ya haraka. C5 ikashuka mpaka 9, na 05 ikapanda kutoka sifuri hadi 24. Kwa hiyo sekta nyingi zilikuwa ni umeme tu, lakini chache zilikuwa majeraha ya kweli. Kuna fundi angeirudisha sokoni ikiwa na lebo safi. Mimi nilimwambia mwenyewe asiiwekee hata filamu.

Faili moja la Excel halikufunguka, la malipo ya pili ya msimu mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa madaftari mawili ya kwenye mfuko yalikuja kufanya nini. Alikaa kwenye benchi langu mchana kutwa akiingiza kilo upya kutoka kwenye karatasi, mie nikimsomea mistari. Aliondoka na diski mbili za nje, moja ya ofisini, nyingine itakayokaa nyumbani kwa mweka hazina.

Ile ya zamani tuliivunja pamoja, maana formati ya sifuri haigusi sekta zilizohamishwa, na majina na namba za simu za wakulima si kitu cha kuacha jalalani. Ukivunja diski ya laptopu vaa miwani, sahani zake mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande kama glasi ya taa. Sumaku zake ziko ukutani kwangu, zimeshika bisibisi.